Nilivyotunga chemsha bongo ya siasa, muziki na runinga

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kuuliza maswali kwenye chemsha bongo ya mtaa wetu hapa Umoja, niliharibu. Tulikuwa tunachangisha karo, watu wamelipa kiingilio, nami nikawauliza tarehe tupu. Ya siasa yalijibiwa na wazee, ya muziki na vijana, na asiye na lake akainamia simu.

Safari ya pili nilitafuta majina yanayokaa sehemu zaidi ya moja, ili mmoja mezani awe na nusu ya jibu na mwenzake nusu ya pili. Nikauliza: mwaka 2017, Nairobi ilipeleka bungeni mwanamuziki na mchekeshaji wa runinga. Ni akina nani? Vijana walimrukia Jaguar, yule wa wimbo wa Kigeugeu, aliyechaguliwa mbunge wa Starehe. Wa pili akawapiga chenga. Mama mmoja mwenye leso begani akasema polepole, "Si KJ wa Redykyulass? Dagoretti Kusini." Ndiye, John Kiarie wa kundi lile la wachekeshaji. Mama akaanza kuwasimulia wanachuo wa meza yake jinsi vijana watatu walivyomwigiza Rais Moi kwenye runinga, Moi mwenyewe angali Ikulu. Sikumkatiza, ingawa saa ilikuwa inayoyoma. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta.

Swali la wimbo wa Unbwogable ndilo lililonisumbua zaidi. Nilikuwa nimeandika kwamba wanamuziki wawili, Gidi Gidi na Maji Maji, waliutunga kwa ajili ya NARC, muungano wa vyama vya upinzani. Nilipokagua nikaona sivyo. Wimbo ulikuwa wao, wanasiasa ndio waliouchukua ukawa wa kampeni ya 2002. Nikafuta, nikauliza neno lenyewe limetoka wapi. Mzee mmoja Mjaluo akaeleza kwamba "bwogo" ni kutisha, kwa hiyo huyo hatishiki, na Kiingereza kimevishwa mbele na nyuma. Halafu akaugonga mdundo mezani kwa vidole viwili. Msichana aliyekaa naye, ambaye 2002 alikuwa hajazaliwa, alishangaa kusikia kwamba huyo Gidi ndiye aliyekuja kuwa mtangazaji wa asubuhi wa Radio Jambo, sauti anayoisikia kwenye matatu.

Tangu siku hiyo siandiki swali kabla sijajua ni nani na nani watalijibu pamoja, na kila dai nalikagua mara mbili, maana ukikosea mbele ya watu waliokuwepo, hawatakuamini tena usiku kucha.

La Desemba ninalo tayari. Ni bendi gani ya Uingereza iliyotoa wimbo uliotumiwa na chama cha Labour kwenye kampeni ya 1997, na ni mpiga kinanda wake yupi aliyekuja kuwa mwanafizikia anayeeleza sayari na nyota kwenye runinga? Wazee watamkumbuka Tony Blair, aliyekuwa kiongozi wa Labour. Wanafunzi wa sayansi watamjua Brian Cox. Wimbo wenyewe wa D:Ream nitawachezea kidogo kwa spika.