Tanuri la Mwisho la Middleport

Mgeni yeyote anayenitembelea hapa Stoke-on-Trent, Uingereza, humpeleka kwanza Burslem, kwenye kiwanda cha ufinyanzi cha Middleport, kilichojengwa mwaka 1888 kando ya mfereji wa Trent na Mersey na ambacho hadi leo kinatengeneza vyombo.

Msanifu wake, Absalom Reade Wood, aliyapanga majengo kwa kufuata safari ya udongo wenyewe, ambao ulishushwa kutoka mashuani, ukapita kwa wafinyanzi, matanurini na kwa watia nakshi, kisha ukarudi mferejini ukiwa sahani zilizokwisha kufungashwa. Viwanda vingi vya zamani mjini humu viliongezwa chumba baada ya chumba bila mpango, na ndiyo maana hiki kilihesabiwa kuwa cha mfano.

Matanuri yalikuwa saba, limebaki moja. Kwa nje lina umbo la chupa kubwa ya matofali, lakini chupa hiyo ni ganda la kuvuta hewa na kutoa moshi tu, na tanuri lenyewe ni chumba cha mviringo kilichomo ndani yake, ambamo vyombo vilipangwa katika makasha ya udongo mgumu ili moto wa makaa ya mawe usiviguse. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1956 iliharakisha mwisho wa matanuri ya aina hii.

Mwaka 2011, majengo yakiwa katika hali mbaya, yalinunuliwa na taasisi ya uhifadhi iliyoanzishwa na Charles, ambaye sasa ni mfalme, na ukarabati ulikamilika mwaka 2014. Nawashukuru kwa dhati kwa kutowaondoa mafundi. Nimesimama karibu na mama mmoja akikata karatasi laini yenye nakshi ya buluu, akaizungushia kikombe, akaisugua kwa brashi ngumu, kisha karatasi ikaoshwa kwa maji na maua yakabaki. Pale ncha mbili za karatasi zilipokutana, ua moja lilikatika kidogo.

Nyumbani Lamu, nyanya yangu aliweka kwenye kidaka sahani ya buluu ya Kizungu, na ukingoni mwake palikuwa na jani lililokatika vivyo hivyo. Utotoni nilidhani ni ufa, nikawa naogopa kuishika.