Sista aliponyoosha mkono

Mama akifariki kwa uzazi hospitalini, kifo chake hakiishii mochwari. Taarifa hutolewa ndani ya saa 24, na siku chache baadaye watu hukaa kikao: bingwa wa uzazi, wakunga, madaktari waliokuwa zamu, mtu wa dawa ya usingizi, mtu wa maabara, na katibu wa kuandika. Faili hupitiwa ukurasa kwa ukurasa. Aliingia saa ngapi, presha ilikuwa ngapi, damu iliagizwa lini, ilifika lini. Kanuni ni kwamba jina halitajwi na mtu halaumiwi. Kinachotafutwa ni pengo. Naviamini vikao hivi, na nimeona mapengo yakizibwa kwa sababu yake. Ninachotaka kusimulia ni kile cha kwanza nilichokaa, masika ya 2014, nikiwa intani, yaani daktari wa mafunzo kwa vitendo, katika hospitali moja ya hapa Dar es Salaam.

Ilikuwa Aprili ile ya mafuriko, barabara zimekatika na bonde la Jangwani halipitiki. Waliotakiwa kutupokea usiku walikwama huko walikokwama, na sisi tuliokuwapo tangu asubuhi tukaendelea. Mwenzangu wa zamu alikuwa kijana mpole, mtu wa Mbeya, tuliyesoma naye miaka yote mitano. Mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi. Hata wakunga, ambao hawasifii intani ovyo, walikuwa wanasema hivyo.

Mama yule alijifungua salama, mtoto wa kike, uzazi wake wa nne. Kisha mji wa mimba ukagoma kujikaza. Kwa kawaida kondo la nyuma likishatoka, misuli ya mji wa mimba hujikaza na kuibana ile mishipa iliyoachwa wazi. Isipojikaza, damu hutoka kwa kasi ambayo mwanamke mwenye afya njema anaweza kufa ndani ya muda wa saa mbili. Tulimpa oksitosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba, tukaongeza dawa nyingine, tukakanda tumbo. Haikusaidia. Mwenzangu akabana kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, ngumi moja ndani, kiganja cha pili juu ya tumbo, akiuminya mji wa mimba katikati, nasi tukaanza kusukuma kitanda kuelekea chumba cha upasuaji. Kwenye kizingiti gurudumu lilikwama, hakuachia. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kuanzia begani. Mama bado alikuwa anaongea. Alimwambia, "Dokta, usiniachie." Akamjibu, "Siachii, mama."

Chupa ya kwanza ya damu iliingia, ya pili ikaingia. Bingwa alifika, akafungua tumbo, akafanya yote ya kufanywa. Mama alifia mezani.

Meza ikafutwa kwa klorini, kwa sababu mlangoni kulikuwa na mama mwingine ambaye mapigo ya moyo ya mtoto wake yalikuwa yanashuka. Hakukuwa na namna. Mwenzangu alienda kunawa upya. Namwona hadi leo: alianza vidoleni akapanda hadi kiwikoni, akasugua kucha, akasuuza, akaanza tena, akamaliza, akaanza tena, mpaka muuguzi wa chumba akaja kufunga maji na kumpa kitambaa. Akasimama upande wa msaidizi, akashika vyuma bila kusema neno. Mtoto alitoka akilia na tukamshukuru Mungu kwa sauti, kila mtu kwa dini yake.

Siku zilizofuata alikuja kazini kama kawaida, tena mapema kuliko sisi. Wagonjwa wake walipimwa, mafaili yake yaliandikwa vizuri. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Mimi nilikuwa naona madogo madogo. Chai alikuwa hamalizi. Wagonjwa alikuwa anawajua kwa majina, sasa akawa anasema "kitanda namba sita." Siku moja kwenye ngazi aliniambia halali, kwamba akifumba macho anasikia lile neno, usiniachie. Nikamwambia aende akamwone daktari wa akili. Akanitazama.

"Niende kwa nani? Si haohao wanaonisainia kitabu?"

Asiye wa kada hii pengine hataelewa uzito wa jibu lile. Ukimaliza shahada ya udaktari unafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, unazunguka idara kwa idara, na kila idara msimamizi anasaini kwenye kitabu chako kwamba unafaa. Bila saini hizo hupati usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na bila usajili miaka yako yote mitano inaning'inia hewani. Sasa mtu wa kumwambia "silali, nalia bafuni" ni yuleyule atakayeandika kama unafaa. Nani atasema? Tunajifunza kukaa kimya kwa bidii ileile tunayojifunzia kushona.

Kikao kilikaa kwenye chumba kidogo cha mikutano, feni imeharibika, mvua nje. Fomu ilisomwa. Tulijibu tulichoulizwa. Mwenzangu alijibu kwa ufasaha, saa na dakika, kama anayesoma taarifa ya habari. Mwenyekiti, yule bingwa aliyempasua mama, akauliza kama kuna la nyongeza kabla ya kufunga.

Sista wa wodi akanyoosha mkono. Alikuwa mkunga wa siku nyingi, amebakiza muda mfupi astaafu, mtu ambaye hata mabingwa walikuwa wanamwamkia shikamoo.

"Dokta, samahani. Fomu hii imeuliza kila kitu. Imeuliza hadi mafuta ya jenereta. Hawa wanangu waliokuwa zamu, nani amewauliza?"

Pakawa kimya. Katibu akasema fomu haina sehemu ya jambo hilo.

"Basi andika nyuma yake," Sista akasema.

Nilidhani bingwa atakasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa. Kisha akamwita mwenzangu kwa jina lake alilopewa na wazazi, si Dokta, akamuuliza, "Unalala?"

"Silali, Dokta."

Hapo ndipo alipovunjika. Alilia kilio cha mtu mzima, cha kwikwi, mbele ya watu kumi na kitu. Akasema mkono wake ulichoka. Akasema pale kwenye kizingiti alihisi vidole vinakufa ganzi, na tangu siku ile anajiuliza kama ndipo damu ilipopata kupita. Sista alihama kiti, akakaa kando yake, akaushika mkono ule wa kulia akawa anauminyaminya kiganja, kama anavyowafanyia akina mama wenye uchungu wa kujifungua.

Bingwa hakumwambia "jikaze." Alifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Alirudi kwenye faili, akafungua ile karatasi ya vipimo na kuisoma kwa sauti. Presha kabla ya kubanwa. Presha kitanda kinatoka wodini. Presha mlangoni pa chumba cha upasuaji. Ilikuwa chini, lakini ilikuwa palepale, haikuporomoka hadi mkono ulipotolewa ili tumbo lifunguliwe. "Mkono wako ndio uliomfikisha kwangu," akamwambia. "Na mimi nilimpoteza mikononi mwangu. Hakuna aliyeniuliza na mimi, nami nilijua ndiyo kazi ilivyo."

Mwenzangu alipewa mapumziko, na bingwa mwenyewe akampigia simu daktari wa akili wa hospitali nyingine, mtu asiyehusika na kitabu chake. Alitibiwa sonona kwa miezi. Leo ni bingwa, yuko mkoani, anafundisha, na ameniruhusu niyaandike haya. Sista alianzisha chai ya Alhamisi kwenye chumba cha wakunga, intani yeyote aingie, mlango ukifungwa hakuna cha cheo. Alipostaafu chai ile ilikufa, na hilo linaniuma, kwa sababu ilikuwa imesimama juu ya moyo wa mtu mmoja.

Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, Chama cha Madaktari Duniani kilikutana Chicago na kurekebisha Tamko la Geneva, kiapo cha madaktari kilichopo tangu 1948. Kwa mara ya kwanza kikawekwa kifungu kwamba daktari atatunza afya yake, ustawi wake na uwezo wake ili atoe huduma ya kiwango cha juu kabisa. Niliposoma nilimpigia simu Sista. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likafafanua ule uchovu unaomkausha mtu kazini: hauorodheshwi kama ugonjwa, unatajwa kama hali inayotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa. Maana yake chanzo kitafutwe kazini, kwenye zamu na idadi ya watu na usingizi, badala ya kumpima kijana moyo kama ni mgumu au laini.

Siku hizi mimi ndiye ninayeongoza vikao hivyo mahali ninapofanya kazi. Swali la Sista liko kwenye ajenda, tunaliuliza kabla ya kufungua faili. Lakini swali la mwenyekiti halitoshi, kwa kuwa nami nasaini vitabu. Tumempata mwanasaikolojia asiyesaini chochote, anakuja kila Jumatano. Chumba alichopewa kipo jengo la utawala, mkabala na ofisi ya rasilimali watu, na kila anayeingia anaonekana. Nimeshaandika barua kuomba ahamishiwe upande wa nyuma, karibu na maktaba, na wiki ijayo nitakwenda kuifuatilia.