Uzito haukuzidi, ila stelingi ilikuwa nyepesi

Miaka yote nilikuwa najua sheria moja tu ya kupakia motahomu, lile gari lenye kitanda na jiko ndani, usizidishe uzito ulioandikwa kwenye kile kibati basi. Nikapima gari zima kwenye mizani, iko chini ya kiwango, nikaondoka na amani yangu. Sasa kufika haiwei, spidi kama 90, lori likanipita na ule upepo wake ukanisukuma pembeni, nakata stelingi naona nyepesi mno, gari inachelewa kuitika halafu ikiitika inapitiliza, mkia unayumba na mimi nimeshikilia stelingi kwa mikono miwili jasho linanitoka.

Kilichoniponza ni skuta niliyofunga nyuma. Pamoja na keria yake ni kilo 150, imekaa mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, yani kile chuma kinachoshika tairi za kushoto na kulia. Wengi tunajua kilo 150 ni 150 popote utakapoiweka, jamani sivyo kabisa! Ekseli ya nyuma inakuwa kama kati ya bembea ya ubao, mkia ukikandamizwa pua inanyanyuka. Piga hesabu uone, ekseli hadi ekseli kwangu ni mita 4, 150 mara 2 gawanya kwa 4, mbele panapungua kilo 75 na nyuma panabeba 225. Yani ekseli ya nyuma inaweza kuzidiwa huku jumla iko sawa tu. Na gari yangu inavutwa na tairi za mbele, hizohizo ndo zinakata kona, ndo zinabeba kazi kubwa ya breki, na ndo nimezipunguzia uzito. Hata taa zilikuwa zinamulika juu, wenzangu wa mbele wakawa wananiwashia fulu.

Maji nayo usiyadharau, lita 100 ni kilo 100, na tanki likiwa nusu yanapiga huku na huku kila ukikata kona.

Siku hizi vizito vyote, makopo, spana, betri ya akiba, naviweka chini sakafuni kati ya ekseli mbili, juu kwenye makabati nguo na mablanketi tu. Mizani napima kila ekseli peke yake, napandisha tairi za mbele kwanza, nasoma, ndo napima za nyuma, na upepo wa tairi najaza kwa kufuata hizo namba. Skuta nimeiuza. Lori likinipita sasa hivi gari inatikisika kidogo inatulia, stelingi naisikia imeshika lami.