Nguru wa Kilo Saba, Nguru wa Kilo Tisa

Mwanangu kaja na swali la fizikia: mtu kasimama kwenye mizani ndani ya lifti, lifti inaanza kupanda, mizani itasomaje? Tanga hapa lifti zenyewe za kutafuta. Wangeuliza mashua, ningejibu bila kalamu.

Ilikuwa nje ya kisiwa cha Ulenge, kusi imechachamaa. Mchuuzi alitufuata majini awahi samaki kabla hatujafika Sahare, akapanda kwetu na mizani yake ya springi. Nguru akatundikwa kwenye kulabu, damu inamchuruzika matamvuani, na mshale haukutulia. Mashua ikiwa bondeni mwa wimbi, ndiyo kwanza inaanza kunyanyuka, mshale unakimbilia tisa. Ikifika kileleni, unarudi saba. Samaki yuleyule, hajapungua hata pezi.

Mchuuzi, mjanja yule, alikuwa akisoma kileleni tu. "Saba hiyo, nahodha!"

"Ngoja tushuke, usome tena," baba mdogo akamjibu.

Springi haijui nguru ana nyama kiasi gani. Inajua tu inavutwa vipi. Mashua inapochapuka kwenda juu, yaani inapozidisha kasi, springi inambeba samaki na kumvuta juu kwa pamoja, ndiyo maana inasoma zaidi. Mwendo wenyewe hauna neno: lifti ikishashika kasi moja, mshale unarudi palepale. Mvutano wa dunia ni kama mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde. Ukiongeza mchapuko wa 1.2 tu, kilo nane inasoma tisa. Tungamo la samaki, ile nyama yake yenyewe, halikuguswa.

Baba mdogo hakusoma hayo popote. Aliinama tezini akatoa mizani ya vitanga: nguru huku, mawe ya chuma kule. Bondeni mwa wimbi, pande zote mbili zinalemewa sawasawa. Kileleni, zinapunguziwa sawasawa. Ule mtambo uliyumba kwa mrama, lakini haukukubali kuegemea upande wowote. Nane.

Nilidhani mambo yameisha. Mchuuzi akaokota jiwe moja, akalikwaruza kwa ukucha, kutu ikamwagika kiganjani.

"Na haya mawe yako, nahodha, yaliyoliwa na chumvi hivi, nani aliyapima?"

Baba mdogo akatazama kutu, akamtazama nguru. Wakaelewana saba na nusu.