Siku moja maishani mwangu: kazi ya kea na dafodili ndogo za mashindano

Watu wakisikia ninafanya kazi ya kea Uingereza, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani mwao, wanajimalizia wenyewe: kuosha wazee na kubadilisha pampasi. Wakisikia pia kwamba ninaotesha dafodili ndogo na kuzipeleka kwenye mashindano, wanauliza muda ninautoa wapi. Hii ni Ijumaa moja ya katikati ya Aprili, mkesha wa onyesho la maua la hapa karibu na Coventry ninapoishi. Naiandika kama ilivyokwenda.

Saa 10:30 alfajiri

Niko uwani na tochi ya kichwani. Uwa wangu ni saruji tupu, hakuna bustani. Kuna vyungu vya udongo vilivyofukiwa mchangani, ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo. Royal Horticultural Society, ambao ndio wanaosajili aina za dafodili za dunia nzima, wanahesabu dafodili kuwa ndogo ikiwa ua lake kwa kawaida halizidi milimita 50 kwa upana. Chungu kimoja cha kuweza kubebwa kwa mkono mmoja kinatosha vitunguu vyake kumi na zaidi, yaani yale mashina manene ya chini ya udongo yanayochipua maua, si vitunguu vya kula. Ndiyo maana mtu wa nyumba ya kupanga anaweza kusimama meza moja na mwenye shamba.

Nakata alfajiri kwa sababu kikonyo kinakuwa kimejaa maji, na kwa sababu konokono wasio na gamba hutembea usiku. Wakishang'ata ukingo wa petali, kazi ya mwaka mzima imeishia hapo. Leo wamenihurumia. Nimekata Segovia, nimekata Hawera, aina mbili za dafodili ndogo, kisha nikainama kwenye chungu cha aina ya tatu, Narcissus watieri.

Hili la mwisho nataka mlione vizuri. Kila kikonyo kina ua moja tu, jeupe pee, petali sita zimelala bapa, na kikombe cha katikati ni kifupi kilichofunguka. Ukilimulika kwa ubavuni, petali zinametameta kama zimenyunyiziwa chumvi. Kimo chake ni kama sentimita 10. Asili yake ni milima ya Atlas, Morocco, mahali penye theluji wakati wa baridi na ukame wa kweli wakati wa kiangazi, kwa hiyo huku kwenye mvua isiyokatika lazima nilifunike. Nimezaliwa Tanga. Tanga dafodili haiwezi kukaa, kwa kuwa bila wiki nyingi za baridi kikonyo hakirefuki. Lakini kujua kwamba miongoni mwa maua haya wanayoyaita ya Kizungu kuna linalotoka bara letu kunanipa furaha ambayo sijui kuificha.

Yote yameingia kwenye chupa ndogo za maji, chupa zimeingia kwenye friji. Ndizi na matofaa yametolewa, maana tunda linaloiva hutoa gesi inayozeesha maua. Mwanangu anajua kwamba wiki ya onyesho matunda yanakaa mezani.

Saa 1 asubuhi

Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu: kunawa, kuvaa, dawa, uji, kumwaga mfuko wa mpira wa mkojo, kuandika kwenye programu ya simu, kurudi kwenye gari.

Saa 3:30

Kwa mzee mmoja mwenye Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, mwalimu mstaafu. Kwenye dawa zake za asubuhi kuna kidonge cha galantamini, na kila nikikitoa kwenye pakiti najisikia kumweleza mtu. Galantamini ni kemikali iliyomo kwenye dafodili. Siku hizi hutengenezwa maabara pia, lakini Wales kuna dafodili zilizopandwa milimani kwa ajili ya dawa hiyo. Haiponyi ugonjwa. Kwa baadhi ya wagonjwa inasaidia kumbukumbu na akili zisiporomoke haraka. Leo nilimwonyesha picha ya Hawera kwenye simu. Jina langu halijui, ingawa namhudumia siku nyingi, ila alisema, "Hiyo ni dafodili, lakini umeipiga kutoka mbali." Nikamwambia hapana, mzee wangu, ndivyo ilivyo, ndogo hivyo. Akacheka mpaka akakohoa.

Saa 5 kamili

Hapa ndipo siku iliponikamata.

Ni nyumba ya bibi aliyepata kiharusi, upande wake wote wa kushoto hauna nguvu. Kumtoa kitandani kunahitaji hoisti, ile mashine ya kumnyanyua mtu kwa kitambaa cha kumbebea, na hoisti haiguswi na mtu mmoja. Lazima tuwe wawili. Mmoja anaendesha mashine, mwingine anashika mwili, analinda kichwa na miguu. Ratiba iliandikwa sote wawili tufike saa 5. Mimi nimefika. Mwenzangu hayupo.

Nikapiga ofisini. Muziki. Nikapiga tena. Muziki. Aliyepokea mwishowe akasema mwenzangu yuko njiani, "dakika chache tu". Nikamuuliza ngapi, hana jibu.

Sasa, mtu wa nje akisikia kusubiri anadhani nimekaa kwenye kochi. Bibi amelala chali tangu usiku. Nimemgeuza ubavu kwa mito, mmoja nyuma ya mgongo, mmoja kati ya magoti. Nimetazama visigino na nyonga, maana kidonda cha kulalia huanza na wekundu mdogo usiofifia ukiubonyeza. Nimempa chai iliyotiwa unga wa kuifanya nzito asipaliwe, kijiko kimoja, nasubiri ameze, natazama koo, kijiko kingine. Nimemsafisha kinywa. Yote haya ni kazi, na yote yanataka macho.

Saa 5:40 binti yake akapiga simu kutoka kazini kwake. Nyumbani kuna kamera, ameona mama bado yuko kitandani. "Mnalipwa kufanya nini?" Nikamweleza. Akasema basi mnyanyue mwenyewe, mama si mzito. Nikamwambia, "Dada, mama akianguka leo, simu utakayopigiwa haitakuwa yangu, itakuwa ya hospitali. Simnyanyui peke yangu." Akakata. Akapiga tena baada ya dakika tano, safari hii analia. Nilimsikiliza. Hasira yake naijua, na mimi mama yangu yuko mbali.

Nikapiga ofisini tena. Wakaniuliza kama naweza kuondoka niende nyumba inayofuata, kisha nirudi. Nimwache mtu hajavaa, hajala, anatazama mlango? Nikakataa, na nikasema majina ya nyumba zote zinazonisubiri ili waandike wao kwamba nachelewa, nisije nikaulizwa mimi. Simu ilikuwa imeshageuka nyekundu kwa tahadhari za kuchelewa.

Mwenzangu, dada wa Mombasa, aliingia saa 6:15 anahema. "Pole dadangu, barabara wameifunga yote, na ofisi nimewaambia tangu saa nne." "Usijali mwaya, vaa glavu tuanze." Tukafunga kitambaa, tukakagua ndoano zote nne, tukamnyanyua bibi taratibu mpaka kwenye kiti chake cha dirishani. Alipotua akashika kidole changu, akauliza kama maua yangu yanakwenda leo. Alikuwa anakumbuka.

Mchana, nadhani

Baada ya hapo kila nyumba nilifika nikiomba radhi. Dakika za barabarani kampuni yangu haizihesabu kwenye malipo, kwa hiyo kuchelewa kunaula mshahara na mapumziko kwa pamoja. Nilikula mkate kwenye taa nyekundu.

Mama alituma ujumbe wa sauti kutoka Tanga: hayo maua yanaliwa? Shikamoo mama, hayaliwi. Vitunguu vya dafodili vina sumu, hata majimaji ya kikonyo huwasha ngozi. Vyangu nahifadhi mbali kabisa na jikoni, kwenye mifuko ya wavu yenye majina. Akajibu: basi unavilimia nini? Sikuwa na nafasi ya kumjibu, nilikuwa nafunga kamba za viatu vya mtu.

Zamu ya jioni ikaja na miguu yangu imevimba. Supu, dawa, pampasi safi, mapazia, taa. Nyumba ya mwisho nimeitoka giza linaingia. Nikapita nyumbani kuchukua chupa, mwanangu alikuwa ameshazipanga kwenye kreti na kuzizungushia taulo zisicheze.

Ukumbini

Kupanga kunafungwa saa 3 usiku. Niliingia zimebaki kama dakika hamsini, bado nimevaa sare ya kazi.

Hapa napo watu wa nje hudhani tunachomeka maua kwenye chupa. Darasa langu kuu, yaani kipengele cha mashindano ninachoshiriki, ni vikonyo vitatu vya aina moja. Vitatu lazima vilingane: upana, umri wa ua, rangi, kimo, namna kichwa kinavyokaa. Nilikuwa na Segovia saba, nikazipanga kwenye taa moja, nikazitazama mpaka tatu zikajitokeza kuwa ndugu. Kisha moss, ule mmea laini wa kijani unaotambaa kwenye mawe, chini ya shingo ya chombo ili kikonyo kisimame, petali moja iangalie juu kabisa, chembe ya udongo itoke kwa brashi laini ya rangi. Kuongeza kitu hakuruhusiwi, kunyoosha kwa subira kunaruhusiwa. Mikono iliyonyanyua watu tangu asubuhi hutetemeka, kwa hiyo nalaza viwiko mezani ndipo naanza.

Kadi yake nikaandika: Segovia, 3 W-Y. Tatu ni kundi lake kati ya makundi 13 ya dafodili, lile la kikombe kifupi. W ni petali nyeupe, Y ni kikombe cha njano. Imetoka kwa akina Gray wa Cornwall, na Alec Gray ndiye yule aliyetupa Tête-à-Tête, dafodili ndogo ya vyungu inayojaa supamaketi kila Machi.

Watieri nimeiweka kwenye darasa la kikonyo kimoja, Hawera pembeni yake. Mzee mmoja mshindani mwenye kioo cha kukuzia aliinama juu ya watieri muda mrefu, kisha akanipa moss yake iliyobaki bila kusema neno. Kadi zimefunikwa, majaji hawaoni jina la mtu.

Majaji wanaingia kesho saa 4 asubuhi, wakati huo mimi nitakuwa zamuni, nikielekea kwa yule bibi, na safari hii dada wa Mombasa amesema atanipitia kwa gari ili tufike pamoja. Matokeo nitayakuta mchana nikienda kuchukua vyombo vyangu.

Kama unafanya zamu na unatamani kuanza, nunua vitunguu vya Hawera Septemba, uvipande kwenye chungu chenye kokoto ndogo nyingi ili maji yasituame, ukiache nje kwenye baridi. Maua yakiisha usikate majani, yaache yakauke yenyewe, ndiyo yanayolisha kitunguu cha mwakani. Kuanzia Juni vitunguu havidai chochote mpaka vuli. Mimi kwenye miezi hiyo ndipo nachukua zamu za ziada.