Kanga saba mpaka nikaijua dipu

Kwanza niseme tu, aliyenambia dipu (ule mshuko wa chali kwenye dansi ya vogu) ni "jirushe chali, usiogope" simsamehi mpaka leo. Nilijirusha. Chumbani kwangu Newark, huku Marekani, sakafu ya mbao, kisogo kikagonga hadi jirani wa chini akapanda kuja kubisha hodi. Wiki nzima shingo haigeuki, nikiitwa nageuka mwili mzima.

Mimi mtoto wa Temeke, vigodoro nimeanza kucheza niko form two, mama anajua nimelala kwa shangazi. Sasa nilivyofika huku nikaona watu wanacheza vogu, dansi ya mikono na mapozi kama ya wanamitindo, nikasema mbona nyepesi hii. Weee! Boli lenyewe wanakochezea (sio la miguu jamani, ni usiku wa mashindano, mnaingia kategoria moja moja mbele ya majaji) linaanza saa sita usiku huko New York linaisha watu wanaenda kazini. Hilo halikunishinda, sisi wengine tushazoea majogoo. Kilichonishinda ni kucheza. Nimeingia kategoria ya wanawake, nikamwaga kiuno cha singeli sekunde kumi sijui, jaji akapunga mkono. Nimechopwa! Jaji mmoja tu akikuchopa umeisha, hata wengine wakupe kumi. Nikaenda kukaa mlangoni na begi langu nasubiri treni.

Aliyeniokota ni mama wa nyumba fulani. Nyumba zao ni kama ukoo, kuna mama, baba, na watoto wanabeba jina la nyumba. Akanambia kiuno unacho mwanangu, ila vogu fem, ule mtindo wa kike, ina mambo matano: mikono, mwendo wa paka, mwendo wa bata, kuzunguka na dipu, halafu kucheza chini sakafuni. Akanionya pia nisije nikamtajia Madonna na wimbo wake wa "Vogue" wa 1990, maana Crystal LaBeija alishakuwa na nyumba Harlem tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, alichoka mashindano ya urembo ambayo weusi walikuwa wanaonewa mchana kweupe. Hapa ni kwa mashoga na wanawake trans, weusi na walatino, wengi wamefukuzwa makwao, wewe umekaribishwa kaa kwa adabu. Nikaitika abee. Hakuelewa ila alifurahi.

Mwendo wa bata sikufundishwa na mtu. Mtu nimefua na kuosha vyombo uani nimechuchumaa utoto mzima, wenzangu magoti yanalia mimi napita tu. (Ila pedi za magoti nunua, zile za voliboli, vaa ndani ya suruali.)

Dipu sasa. Hujirushi! Unakunja mguu mmoja unakuwa kama unaukalia, mkono unatangulia chini, mgongo unafuata, kisogo cha mwisho kabisa, na mguu mwingine uko juu. Nikaanzia kwenye godoro, nikaona godoro linanidanganya, ukishuka vibaya halisemi. Nikatandika kanga saba sakafuni, zimekunjwa, kila baada ya siku mbili tatu naondoa moja. Ilipobaki moja imeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio" nikailalia wiki mbili naiogopa sakafu. Halafu kuna ule mlio wa kishindo kwenye muziki wao, unapiga kila biti ya nne, dipu lazima idondoke hapohapo, ukichelewa kidogo umeanguka tu kama mlevi. Nilikuwa nahesabu kwenye treni kwa sauti, watu wananihamia kiti.

Nilivyorudi bolini majaji wote wakanipa kumi! Kisha nikapambanishwa na kabinti ka miaka kumi na tisa kakanifuta ukumbini. Zawadi dola mia mbili na kitu kakaondoka nazo, mimi nauli na glavu tu zilishakula zaidi ya hapo. Kwa hiyo asikudanganye mtu eti zawadi zinalipa kodi ya chumba. Kodi yangu inalipwa na darasa la Jumamosi, dola ishirini kwa kichwa, wenye njaa nawapunguzia.

Juzi kaja mwanafunzi mpya anauliza kama ajirushe tu chali. Nikamkabidhi kanga saba.