Usiku Mama alipoiona elektroni, Uyole

Ilikuwa Julai, Uyole baridi ile ya kulala na soksi, mi niko likizo, nasoma masters ya kemia. Mama anauza viazi, na kila nikirudi swali ni lilelile, mwanangu hivi unasoma nini hasa? Namwambia kuna molekuli mbili tumezifunga pamoja, pofirini, ndugu yake klorofili, na fulerini, ile ya kaboni 60 kama mpira wa miguu, mwanga ukipiga pofirini inarusha elektroni fulerini inadaka. Anasema haya baba, anaendelea kumenya.

Siku hiyo umeme ukakatika. Nikachukua majani ya maboga aliyoyaweka kwa ajili ya mboga (alilalamika sana), nikatwanga, nikamimina spiriti, nikachuja na chujio la chai kwenye glasi. Bro ana kibanda cha kutuma pesa, ana kile kitochi cha kukagulia noti. Nikamulika. Maji ya kijani yakawaka mekundu, mekundu kabisa kama kaa la moto, mama akaacha kisu.

"Umeweka nini humo?"

Sijaweka kitu mama, hiyo ni elektroni imepandishwa juu na mwanga, imekosa wa kuidaka, inaporudi chini inatema mwanga mwekundu. Kwenye jani bichi huioni hivi maana wadakaji wapo palepale, elektroni inaondoka ndani ya pikosekunde chache, yaani sehemu za trilioni za sekunde, wekundu unaobaki ni kidogo mno macho hayaoni. Nikamwambia ni kama vijana wanaopakia lumbesa kwenye Fuso, juu pasipo mtu gunia linarudi.

Akakaa kimya, halafu akauliza swali ambalo msimamizi wangu aliniuliza mwaka mzima. "Sasa huyo aliyedaka, kinachomzuia asirudishe ni nini?"

Aisee. Maana ndo ugonjwa wenyewe, kurusha ni rahisi ila elektroni inarudi nyumbani kabla hujaitumia. Nikajaribu kumweleza hoja ya Marcus, yule mwanakemia wa Nobel ya 1992, kwamba mteremko wa nishati wa kurudi ukizidi ukali kupita kiasi elektroni inashuka polepole badala ya haraka, na wanakemia wengine kule Marekani walikuja kulithibitisha 1984 kwa molekuli za kufungwa hivihivi. Akanikata. "Mlima Nyoka hapo malori yanafeli breki kila siku, we unaniambia mteremko mkali ndo taratibu?" Nikashindwa, na kusema kweli hata mimi nilichukua muda kukubali.

Akasema yeye angeweka mtu wa tatu. Kwenye Fuso anayedaka hakai na gunia, anampa wa kupanga ndani ya bodi, mrushaji hata akilitaka halioni tena.

Nikacheka peke yangu, sababu wanakemia kina Gust na Moore wa Arizona, Marekani, walifanya karibu hivyohivyo 1984, ila wao wa tatu walimweka upande wa mrushaji, karotenoidi, rangi ya karoti, inaziba lile pengo ambalo elektroni imeliacha kwenye pofirini kabla haijarudi, na chaji zikakaa mbalimbali kwa mikrosekunde, yaani sehemu za milioni za sekunde, ambayo kwa mambo haya ni muda mrefu ajabu.

Umeme ukarudi, wekundu ukapotea, ikabaki glasi ya kijani tu. Akaniambia nikamwage mbali na kuku, na kesho nitafute mboga nyingine.